Nywele za Mateka

Jumatatu, 15 Oktoba 2007

Agripina amebandika mfalme ukutani kwa uji. Sasa hivi! Nimegeuka kuzima jiko tu, kurudi namkuta kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, viganja vyote viwili uji mtupu, anaupigapiga ukuta kama mpika chapati. Na pale ukutani karatasi ya baba yake. Mfalme wa Wamaya, mkuki mkononi, manyoya kichwani, kanata kabisa! "Babu," ananiambia. Kwake kila mwenye uso wa ukali ni babu. Baba mkwe asisikie.

Nimejaribu kumbandua, akaanza kuchanika. Nikamwacha. Tena nikiwa mkweli, pale palikuwa na ukungu mweusi ulionikera tangu mvua za Juni, na mfalme kaufunika vizuri. Nikachukua wengine wanne kwenye lile rundo ambalo mume wangu Lusajo alisema ni nakala zilizoharibika, nikawakatakata pembeni wapendeze, nikawapanga kwa gundi. Chumba kimechangamka!

Lusajo karudi mchana, kasimama mlangoni na mkoba begani. Anasema hawa watu wako vitani tangu miaka elfu na mia mbili iliyopita, mimi nimewageuza kalenda. Lakini kacheka. Siku hizi hacheki ovyo, ndiyo maana nimeandika.

Watu huniuliza, Mnyakyusa gani huyo anakuja China kusoma habari za Wamaya, watu wa Amerika huko? Nawajibu, na nyie si mnakuja China kununua jinzi za Mmarekani? Aliomba uchumi, nafasi ikaja ya historia ya kale. Sasa anaipenda kuliko mimi. (Natania. Nafikiri.)

Ijumaa ya tarehe 26 anasimama tena mbele ya walimu wake kutetea tasnifu yake ya vita vya Wamaya. Juni walimrudisha. Yule mzee wake, Mwalimu Liang, alimuuliza swali moja tu: katika vita vyako hivi, watu wako wapi? Mume wangu akamtajia wafalme kumi na mmoja. Kumbe mzee hakutaka wafalme. Wakamwambia rudi Oktoba, na mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akirudishwa tena ufadhili unakatika, na viza zetu sote watatu zimening'inia kwenye huo ufadhili. Krismasi tutaila Tukuyu, yeye hana cheti, mimi namwangalia anavyokwepa macho ya watu kanisani.

Hatarudishwa. Nimeomba.


Jumatano, 17 Oktoba

Maonyesho ya biashara ya Pazhou yameanza, na Dar yote imehamia mtaani kwetu Xiaobei! Kutoka mlangoni hapa hadi jengo la Tianxiu nimeamkiana na watu wengi kuliko siku nzima ya Kariakoo. Nami ndiyo mavuno yangu. Wanawake wanatua na vichwa vya safari, wanataka wakakutane na wenye viwanda wakiwa wanaeleweka. Nasuka hapa hapa chumbani. Kiti kimoja cha plastiki, Agripina chini na ndoo yake.

Leo da Zulekha. Huyu ni wa Tanga ila duka liko Dar, ananunua magauni soko la Shisanhang, na kila akija kichwa chake ni changu. Sauti inamtangulia ngazi mbili. Idd ameila ndegeni, ananiambia, pilau ya kwenye kijaluba, Mungu amsamehe aliyeipika. Nikamuuliza, leo tuweke mtindo wa twende kilioni, wa haraka?

"Kilioni aende mwenye msiba! Mie naenda Pazhou." Akatazama ukuta. Akavaa miwani. "Ala! Mtoto wewe, umeleta mitindo mipya na unanyamaza? Hii hapa. Nisuke hii."

Kidole kiko kwa yule wa tatu. Nywele ndefu zimepandishwa utosini kama mnara, zimezungushiwa kitambaa mara tatu, zilizobaki zimemwagwa mbele. Na juu pale kibanio kikubwa, cha ajabu ajabu, kama kiganja. Kweli nzuri. Sikuwaza kitu kingine, niliwaza kama rasta zitatosha.

Saa tano nzima na hatujamaliza! Mnara unaniangukia. Wa kwenye picha umesimama, wangu unalala kama mgomba uliokatwa. Nimegundua jambo: mkono mmoja uvute, wa pili uzungushe, halafu unatakiwa wa tatu wa kukaza fundo la kisogoni. Nikamwita bibi Mchina wa mlango wa pili. Akashika, akavuta kwa meno yote nje. Ndipo ukasimama. Watu wawili! Da Zulekha katikati yetu anasema, "Niueni, ila mzike maiti nzuri."

Kesho tunamalizia.


Alhamisi, 18 Oktoba

Tumemaliza. Weee! Nimembana na kile kibanio changu kikubwa chekundu, kifanane na cha kwenye picha. Da Zulekha mbele ya kioo, kulia, kushoto, kulia. Anasema mwenye kiwanda akimwona atashusha bei bila kuambiwa.

Mara Lusajo huyo anaingia. Akaamkia, "Shikamoo, dada," akamtazama. Akatazama ukuta. Akamtazama tena. Akakaa kitandani polepole.

"Mama Agi. Umemsuka mateka."

"Mateka gani?" da Zulekha anauliza.

Ikabidi aeleze. Yule wa tatu alikuwa bwana mkubwa wa mji mwingine, mji wake ukashindwa. Kapigishwa magoti. Vipuli wamemvua, wamempitishia vitambaa kwenye matundu ya masikio, apate aibu. Na kile kibanio—mama yangu!—si kibanio. Ni ngumi ya aliyemshinda. Imemkamata nywele. Mkono wenyewe na mtu mzima mwenye mkono nilimkata mimi Jumatatu, kwa mkasi wangu, ili karatasi ipendeze. Lusajo anasema mshindi alikuwa akitaka kuonyesha kashinda, anachongwa hivyo: kamshika mwenzake nywele. Huyu baadaye aliuawa, labda baada ya kupitishwa mbele za watu.

Da Zulekha akarudi mbele ya kioo.

"Mateka, mie?" Akapapasa mnara wake, chini mpaka juu. "Nenda kawaulize pale Shisanhang, shemeji, wiki hii kateka nani na katekwa nani." Akasimama. "Tena nikwambie. Aliyekamatwa nywele ndiye aliyekuwa na nywele. Huyo mshindi wenu kwanza avue hayo manyoya tumwone kama si kipara. Sifumui!"

Akaondoka nazo. Mlangoni aliinama ili mnara upite.

Lusajo kacheka mpaka Agripina akaogopa.


Jumamosi, 20 Oktoba

Wamekuja wawili, mmoja wa Mombasa, anaitwa Mumbua, wanaulizia "ile ya mateka". Da Zulekha amepita nayo maonyesho yote! Nimewaambia inachukua siku mbili na jirani. Mumbua kasema ah, zii, nifanyie tu yeboyebo.

Vidole vinauma. Nina furaha.


Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya ibada Lusajo kajaribu hotuba yake mbele ya jokofu. Walimu ni sisi wawili, tumekaa kitandani. Anasema kwa Kichina kwanza. Kichina chake cha vitabu, changu cha sokoni. Mimi najua ghali, hakuna, punguza na bosi. Yeye anajua nasaba na dola. Ukituunganisha tunapata Mchina mmoja. Kwa hiyo akarudia kwa Kiswahili.

Mfalme huyu akamteka yule, mwaka fulani. Mwana wa yule akaja kulipiza. Huyu akaoa binti wa kule ili wasaidiane kumpiga wa tatu. Mpaka mji mmoja watu wakabanwa, wakang'oa mawe ya jumba la mfalme wao wenyewe wakajengea ukuta, wakahamia kwenye uwanja wa sherehe wakajenga vibanda humo. Baadaye mji ukabaki mtupu. Mwisho.

Agripina alilala kwenye mfalme wa tano. Mimi nilipiga makofi.

Halafu nikamuuliza, sikuwa na nia mbaya: yule wa tatu pale ukutani, nani alimsuka?

"Nani alimsuka nani?"

"Yule mateka. Zile mtu hajifungi mwenyewe, Baba Agi. Nimezisuka mimi, siku mbili, na bibi juu. Fundo liko kisogoni na limekazwa kutokea nyuma. Kuna mtu alikaa nyuma yake akavuta."

Anasema ile ni sanaa, mchongaji huchonga anavyotaka, huwezi kuita ushahidi. Nikasema basi mchongaji alikuwa anaijua kazi ya nywele. Akasema labda. Nikasema, haya, labda. Lakini kama si mke ni mama, kama si mama ni dada au mtumishi. Asubuhi wamekaa, wanaongea, anamwambia tulia usitikise kichwa. Jioni kaja mtu kakamata pale pale walipofunga. Yeye kachukuliwa. Huyo aliyebaki ameshika kitana, yeye akaenda wapi?

Lusajo alifungua jokofu, akachungulia, akafunga bila kutoa kitu. Nikaona nimemwudhi, siku tano zimebaki na mimi naongea habari za vitana. Nikaenda kufua.

Nimerudi, bado kasimama pale pale.


Jumanne, 23 Oktoba

Leo Anastazia. Mkongomani wa Uvira, mpole, anapeleka viatu. Anakaa kama mtu aliye kanisani. Lusajo alikuwa mwisho wa kitanda na vitabu vyake, hana pengine pa kwenda, maktaba imejaa.

Anastazia akauliza hawa ni watu gani ukutani. Mimi na mdomo wangu! Nikamsimulia wote, na ule mji wa watu kubomoa jumba la mfalme wakajibana uwanjani. Nilidhani atacheka kama da Zulekha. Hakucheka. Nikahisi shingo yake imekaza chini ya vidole vyangu.

"Ni vile," akasema. "Na kwetu ilikuwa vile."

Nikaacha kusuka.

"Endelea tu, mama. Watu wanawaza vita inaanza na masasi ya bunduki. Hapana. Inaanza na shamba ya mbali. Unaogopa kufika kule, unaiacha. Unalima ya karibu. Kiisha unaogopa hata ile, unalima mbele ya mlango. Kiisha unakula mbegu. Pale sasa vita imekwisha kukumaliza, na hujaona hata askari mmoja."

Lusajo kafunga kitabu. Akamuuliza kwa adabu sana, mama, na sherehe? Harusi? Kasema harusi zilifanyika mchana, bila ngoma, mbio mbio. Msiba vilevile. Mimi nikauliza langu: na nywele?

"Tulizikata. Nani angenisuka? Dada yangu alikimbia njia ingine."

Alimpata? Sikuweza kuuliza. Aliona kwenye kioo kuwa nataka kuuliza, akasema mwenyewe: miaka miwili baadaye, Kigoma, sokoni. Dada alimtambua kwa nyuma. Dada alimkalisha chini akaanza kumsuka pale pale, na nywele zilikuwa fupi hazishikiki!

Tumelia wote watatu na Agripina wa nne, yeye kwa kufuata mkumbo. Kisha Anastazia kajifuta. "Voilà. Tumelia bure, na kichwa iko nusu. Maliza, nikimbie kwa mtu wa kontena. Na wee, papa, ukiandika, usitie jina yangu."

Akamwahidi. Alipotoka mgeni, Lusajo kapekua rundo lake lote mpaka sakafuni. Kuna ripoti ya wachimbuaji wa mambo ya kale, anasema, inaeleza bustani zilizolimwa ndani ya ngome, karibu karibu na nyumba. Alishaisoma zamani. Aliiruka.

Kwa nini? namuuliza.

Ati haikuwa na mfalme.


Jumatano, 24 Oktoba

Anaandika tangu alfajiri. Saba wametoka, wamebaki wafalme wanne. Wengine wote wamewapisha watu: wabeba maji, wajenga ukuta, wenye mashamba ya mbali waliorudi uwanjani na watoto na kuku wao (sijui kama Wamaya walikuwa na kuku. Anasema bata mzinga. Haya, bata mzinga). Ananisomea kila ukurasa. Hata mimi wa darasa la saba naona watu wanatembea humo ndani.

Zile nywele je? nikamuuliza. Kasema ataziweka kama swali, si kama ushahidi. Sawa, hiyo ni haki. Kisha nikauliza, utasema nani aliuliza?

Akajikuna shingo. "Mama Agi, elewa. Siwezi kusimama mbele ya wale wazee niseme mke wangu amesema. Watacheka. Nitaandika 'imewahi kuulizwa'."

Imewahi kuulizwa! Na nani, feni?

Sikusema hivyo. Nilisema sawa. Kwani mimi nani, na Ijumaa ni yake, na viza ni zetu sote. Akipita nimepita. Naelewa kabisa.

Maharage ya jioni yalizidi chumvi. Sikukusudia. Kidogo nilikusudia.


Alhamisi, 25 Oktoba

Shati nimelipiga pasi mara mbili, Agripina kalilalia, mara ya tatu. Da Zulekha kapita kuaga, mnara bado umesimama! Anasema analala ameketi. Akamwambia Lusajo, "Shemeji, kesho wakikubana waambie mateka mwenyewe yuko Kariakoo, waje wamhoji."

Lusajo hali. Anakunywa maji tu.


Ijumaa, 26 Oktoba

Niko chuoni, kwenye korido, benchi la mbao. Daftari nimelitia kwenye mkoba wa nepi. Asubuhi amefunga tai, akafungua, akafunga. Akasema njooni na nyinyi, mkae nje tu. Hakusema kwa nini. Nimemfunga Agripina mgongoni, tumekuja na basi, baba wa watu kamshika mtoto mguu njia nzima.

Ameingia saa nne. Agripina sasa kalala mapajani.

Mlango ni mwembamba. Namsikia. Sauti yake ilianza juu, kama mtu anayeita kuku, sasa imetulia. Majina ya wafalme nayajua hata kwa Kichina: mmoja... wawili... watatu... wanne. Wameisha. Sasa ndiyo watu. Endelea, Baba Agi.

Saa tano. Wanauliza maswali. Mwalimu Liang namjua kwa kikohozi. Mwingine, mwanamke, anaongea haraka sana. Lusajo anajibu. Anajibu tena.

Nimesikia toufa. Hilo nalijua, ni nywele, ni kazi yangu! Amelitaja yeye. Na tena. Kaongea kirefu, polepole, kama anavyomweleza mtoto.

Wamecheka.

Alisema watacheka. Wamecheka wote, naye yumo humo peke yake. Sijui ni kicheko gani. Kipo cha kumfurahia mtu na kipo cha kumfungulia mlango aende zake. Kwetu ningekitambua, Kichina sijakijua mpaka huko.

Nimemgeuza Agripina ubavu wa pili.

Tukirudi tutarudi. Tukuyu kuna vichwa. Mradi asinyong'onyee, maana akinyong'onyea huyu, mimi nitasuka dunia nzima na hataona.

Mzee Liang kauliza kitu, kifupi. Lusajo kajibu kifupi zaidi. Viti vinasogezwa. Mbona mapema? Juni aliniambia viti vilisogezwa walipomrudi—

Mlango umefunguka. Ni yule binti msaidizi mwenye miwani. Anaangalia huku, anaangalia kule, korido nzima niko mimi tu na mtoto. Anauliza kwa Kichina, polepole hata mimi nikaelewa: msusi ni nani hapa?

Hakusema mke wa Lusajo. Kasema msusi.

Nimenyoosha kidole kama shuleni. Kwa ishara na maneno mepesi anasema wazee wanauliza kama naweza kuingia, kuna picha wanataka niwaonyeshe fundo lilivyokazwa. Naing—